Kina bila miwani, na bei yake

Sebuleni kwa bibi yangu palikuwa na picha ya plastiki ndani ya fremu ya dhahabu bandia. Ukiingia mlangoni unaiona Al-Kaaba; ukipiga hatua mbili kuelekea kochi, inageuka kuwa kuba la kijani la Madina. Sisi wajukuu tulikuwa tukiivizia. Tunasogea nusu hatua, tunarudi, tuone inageukaje. Na hapo katikati palikuwa na mahali pa ajabu ambapo picha zote mbili zilionekana kwa pamoja, zikigombana, mpaka kichwa kikaanza kuzunguka. Majirani zetu Wakristo walikuwa na yao ya Yesu anayefumba na kufumbua macho. Ukipitisha ukucha juu ya picha hizo unasikia kwaru-kwaru-kwaru, kwa sababu uso wake si laini: una matuta membamba yaliyopangwa sambamba kama mistari ya daftari.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea pale mahali pa ajabu. Jicho langu la kushoto lilikuwa bado Makka, la kulia limeshafika Madina. Kila tuta ni lenzi ndogo inayochukua ukanda mwembamba wa picha ulio chini yake na kuutupa upande mmoja tu. Badala ya miji miwili, weka picha mbili za kitu kilekile, zilizopigwa kwa kamera mbili zilizoachana sentimita sita na nusu hivi, kama macho yalivyoachana usoni. Ugomvi unakwisha. Ubongo unaziunganisha, na kitu kinatoka ukutani.

Runinga, simu na kompyuta zinazouzwa leo kwa jina la 3D bila miwani, hata zile za maelfu ya dola, nyingi ni wajukuu wa plastiki ile. Ndiyo maana maelezo ya watangazaji hunichosha. Kila kampuni inasema kina chake ni cha kweli zaidi kuliko cha mwenzake, ilhali kina chenyewe si kigumu kukipata. Charles Wheatstone alikionyesha London mwaka 1838 kwa vioo viwili na michoro miwili, kabla hata upigaji picha haujaenea. Kigumu ni kugawa: picha hii iende jicho hili tu, ile iende lile. Miwani ya sinema hufanya kazi hiyo ya tarishi puani pako, popote ulipokaa. Ukiivua, kazi inahamia kwenye kioo chenyewe, na kioo hakijui umekaa wapi. Tofauti ya teknolojia hizi zote inatokana na namna kila moja inavyolijibu swali hilo, na ukitaka kujua ipi ina maana kwako, usiulize kina chake ni kirefu kiasi gani. Uliza inahudumia macho mangapi.

Jibu la kwanza na la kale ni kumlazimisha mtazamaji akae pale kioo kinapotaka. Mmarekani Frederic Ives alipata hataza mwaka 1903 kwa kuweka uzio wa mistari myeusi mbele ya picha. Aliyekulia kwenye nyumba ya fito hahitaji mchoro kulielewa jambo hili. Chungulia kwenye upenyo wa ukuta, fumba jicho moja, kisha jingine. Upenyo ni uleule, lakini jicho moja linaona mtungi na jingine linaona kinu. Kwenye skrini, safu za pikseli zinapangwa kwa zamu, moja ya kushoto, moja ya kulia, na uzio unazificha ili kila jicho lione zake tu. Gharama yake inaonekana papo hapo. Uzio unameza karibu nusu ya mwanga, na kila jicho linabaki na nusu ya pikseli za ulalo. Ukisogea pembeni kidogo, jicho la kushoto linaanza kupata picha ya kulia. Kina kinapinduka, na pua ya mtu inakuwa shimo.

Sharp waliuza simu ya namna hiyo Japani mwaka 2002, wala haikuacha alama kubwa. Walioacha alama ni Nintendo, na kisa chao ni shule nzima.

Nintendo 3DS iliingia madukani Japani Februari 2011, na nchi za Magharibi mwezi uliofuata kwa dola 249.99 za Marekani. Kioo chake cha juu kilikuwa na inchi tatu na nusu tu na pikseli 800 kwa 240, maana yake 400 kwa 240 kwa kila jicho. Uzio wake ulikuwa wa kioevu cha fuwele, hivyo uliweza kuzimwa na kioo kikarudi kuwa cha kawaida. Pembeni palikuwa na kitufe cha kuteleza cha kuongeza au kupunguza kina. Kabla mwaka haujaisha bei ilishushwa hadi dola 169.99, na mkurugenzi mkuu, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara wake. Kampuni ilionya pia kwamba watoto wa miaka sita kurudi chini wasitumie kina, kwa sababu macho yao bado yanakua. Mwaka 2013 ikatoka 2DS, mashine inayocheza michezo ileile lakini isiyo na kina kabisa. Ni kama muuza chapati kutangaza meza ya pili, ya chapati zisizo na mafuta, kisha foleni ikajaa huko nako.

Hata hivyo mashine za ukoo huo ziliuzwa karibu milioni 76 kabla ya kusitishwa Septemba 2020. Hakuna kifaa kingine cha kina bila miwani kilichokaribia idadi hiyo. Ushindi wenyewe, nadhani, uliletwa zaidi na michezo kuliko uzio, lakini uzio ulikuwa umepata mahali pake panapofaa. Mashine ya mkononi ina mtazamaji mmoja, naye anaishika mwenyewe. Picha ikiharibika, mkono unajirekebisha bila mwenye mkono kujua. Pale ambapo kioo kilishindwa kumjua mtu, mtu alikijua kioo. Na toleo la 2014 liliongeza kamera ya kutazama uso wa mchezaji na kuusogeza uzio umfuate. Tuikumbuke kamera hiyo. Ndiyo iliyoamua mambo baadaye.

Jibu la pili ni kinyume chake. Kama hujui mgeni atapitia mlango gani, andaa chakula kila mlango. Gabriel Lippmann, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1908 kwa picha za rangi, mwaka huohuo alipendekeza bamba lililojaa lenzi ndogondogo kama jicho la nzi, kila moja ikitupa mwanga pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Watengenezaji wa leo wengi wanabaki na matuta ya plastiki ya bibi yangu, yanayogawa kwa kulia na kushoto tu. Lenzi haimezi mwanga kama uzio, na inaweza kutoa picha tano, tisa, hata arobaini, kila moja ikielekea pembe yake. Miaka ya 1990 watafiti wa Philips waligundua hila nzuri: wakaiinamisha kidogo ile mistari ya lenzi, ili hasara ya pikseli igawanywe kati ya ulalo na wima badala ya kuangukia upande mmoja.

Lakini hasara haiondoki, na hapa inabidi tupige hesabu. Skrini ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, yaani milioni nane na laki tatu hivi. Mwishoni mwa 2011 Toshiba walitoa runinga ya inchi 55 yenye kioo hicho, ikitoa picha tisa kwa pembe tisa. Gawanya pikseli kwa tisa: kila pembe inabaki na 1,280 kwa 720. Mnunuzi alilipia kioo bora kuliko vyote vya wakati ule, kisha akipata kina anatazama picha ya kiwango cha zamani. Na bado palikuwa na sehemu za kukaa na sehemu za kutokaa; ilibidi ubonyeze kitufe ili kamera ya runinga itafute nyuso za waliopo na kupanga pembe upya. Shangazi akiinuka kwenda jikoni kuangalia wali, hesabu imevurugika.

Vioo vya Looking Glass, kampuni ya Brooklyn, vilivyotoka mara ya kwanza 2018, vimeipeleka njia hii mbali zaidi, kwa picha 45 hadi 100. Watu watano wanaweza kusimama mbele yake na kila mmoja akaona ubavu wake wa kitu, bila kamera kumtafuta yeyote. Nakipenda kifaa hiki kwa uungwana wake: hakimchagui mtu. Ila pikseli za 4K ukizigawa kwa 45, kila pembe inapata kama 184,000, chache kuliko za runinga ya kichogo. Jicho linasaidiwa kidogo kwa kuwa pembe jirani hufanana na huchanganyika, lakini chochote kinachojitokeza mbali mbele ya kioo au kuzama mbali nyuma yake kinapata ukungu. Ndiyo maana maonyesho yake hupendelea kitu kimoja kidogo kinachoelea katikati ya kisanduku, kama ua au fuvu au kiatu. Mandhari ya mlima hakiyawezi.

Tena kuna swali la picha zenyewe zitoke wapi. Mchezo wa kompyuta unaweza kuchora pembe 45 kwa sababu dunia yake yote imo ndani ya mashine. Filamu imepigwa kwa kamera moja, na pembe nyingine 44 hazikuwahi kuwepo. Programu za akili mnemba siku hizi hubuni zilizokosekana kwa kukisia umbali wa kila kitu, na hukisia vizuri mpaka zifike kwenye nywele au moshi. RED, kampuni ya kamera za sinema, ilijaribu mwaka 2018 kuuza simu ya dola 1,295, Hydrogen One, yenye kioo cha kampuni ya Leia kilichotoa pembe nne kwa kupindisha mwanga wa nyuma ya skrini. Ndani ya takriban mwaka mmoja mradi ulifungwa. Mwenye simu alikuwa na kioo cha ajabu na kitu kidogo cha kukitazamia.

Basi jibu la tatu: mtafute mtazamaji. Kamera inakodolea mboni zako, kompyuta inakadiria kila jicho liko wapi mara kadhaa ndani ya sekunde moja, na picha mbili tu zinatengenezwa na kutumwa mahali hapo. Huhitaji 45 ikiwa unajua mbili zinazohitajika. Pikseli zinagawanywa kwa mbili tu, na ukisogeza kichwa unachungulia nyuma ya kitu, kwa sababu kompyuta inachora upya unachostahili kuona kutoka hapo. Sony walitoa kioo cha inchi 15.6 cha namna hii mwaka 2020 kwa dola 5,000, kisha cha inchi 27 mwaka 2023. Acer na ASUS wakaingiza ufundi huo kwenye laptopu. Samsung mwaka 2025 wakaleta Odyssey 3D, skrini ya michezo ya inchi 27, kwa dola 1,999. Miaka mitano, na bei imeshuka chini ya nusu.

Amazon walikuwa wamejaribu nusu ya wazo hili mwaka 2014 kwenye simu yao ya Fire, yenye kamera nne za kufuata uso. Picha ilisogea ukisogea, lakini macho yote mawili yaliona kitu kimoja. Ilikuwa mbwembwe, na kampuni ikaandika hasara ya dola milioni 170. Ukitaka kuzitofautisha mbwembwe na kina dukani, fumba jicho moja. Kama hakuna kilichopungua, hukuwa na kina tangu mwanzo. Ulikuwa na picha inayotembea.

Mfano wa kifahari wa njia hii ni wa Google. Mwaka 2021 walionyesha mradi wa Starline, na mwaka 2025 ukaingia sokoni kwa jina la Beam, ndani ya mashine ya HP yenye skrini ya inchi 65 na kamera sita, kwa dola 24,999. Mtu wa upande wa pili anaonekana ameketi mbele yako kwa ukubwa wake halisi. Anakutazama machoni, na unaona umbali kati ya mkono wake na kifua. Lakini angalia kiti. Ni kimoja. Mwenzako akivuta cha kwake pembeni ili naye amsalimie mgeni, anaona picha bapa au iliyoharibika, kwa kuwa kioo kimeshaamua kinamhudumia nani. Kamera iliyomkomboa mtazamaji mmoja imemfungia nje wa pili.

Kwa maoni yangu ndiyo njia iliyoshinda hata hivyo, kwa kazi za mtu mmoja mezani. Mchoraji wa majengo, fundi wa meno ya bandia, mbunifu wa sehemu za gari, daktari anayepanga upasuaji, hawa hukaa peke yao mbele ya kioo kwa saa nyingi na vitu vyao vimeshachorwa kwa pande zote tatu.

Saa nyingi, lakini. Hapa kuna lawama ambayo miwani ilibebeshwa isivyo haki. Baada ya filamu ya Avatar ya Desemba 2009, viwanda vilijaza runinga za 3D za miwani, na kufikia mwaka 2017 LG na Sony, wakubwa wa mwisho waliobaki, wakaziacha. Ikasemwa watu wamechoka kuvaa miwani. Miwani ilikera, kweli, lakini kilichochosha macho hakikuwa puani. Unapotazama kidole kinachokujia, makundi mawili ya misuli hufanya kazi pamoja: moja linageuza mboni zikutane kwenye kidole, jingine linakaza lenzi ya jicho ili kidole kisiwe na ukungu. Tangu utotoni makundi haya yamezoea kwenda sawa. Mbele ya kioo cha kina, mboni zinakutana hewani sentimita ishirini mbele ya skrini, lakini mwanga unatoka kwenye skrini, na lenzi inatakiwa ibaki huko. Moja linavuta huku, jingine kule. Vua miwani, weka uzio, weka lenzi, weka mashine ya dola elfu ishirini na tano. Mvutano uko palepale. Ndiyo maana wabunifu wazoefu huweka kina kifupi, karibu na uso wa kioo. Na wengi wenye makengeza, au waliopoteza jicho moja, hawapati chochote katika haya yote isipokuwa kule kuchungulia kwa kusogeza kichwa.

Dawa ya mvutano huo ni kuacha kudanganya, yaani kuuweka mwanga pale hasa kitu kinapoonekana. Kampuni ya Voxon ya Adelaide, Australia, ilitengeneza mashine inayopandisha na kushusha bamba kwa kasi kubwa huku projekta ikilipiga kwa vipande vya picha, kila kipande kwa kimo chake. Jicho halioni bamba. Linaona umbo limesimama mezani, na watu wanalizunguka kama wanavyozunguka meza ya bao. Mashine ya Perspecta ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilizungusha kioo ndani ya tufe na kutupia vipande 198 kwa kila mzunguko. DepthCube ilitumia tabaka 20 za kioevu cha fuwele, zikiwaka kwa zamu, bila kitu kuzunguka. Kundi la Daniel Smalley wa Chuo Kikuu cha Brigham Young lilichapisha mwaka 2018 njia ya kunasa chembe moja hewani kwa leza na kuikimbiza ichore umbo, kama kijinga cha moto gizani mikononi mwa mtoto. Picha zake zilikuwa ndogo mno, lakini zilikuwa hewani kwelikweli.

Macho hayachoki, idadi ya watazamaji haina mpaka. Tatizo ni kwamba nuru haizibi nuru. Ukichora kichwa cha mtu kwa nukta za mwanga, unaona kisogo kupitia paji la uso. Kila kitu ni mzuka. Kwa picha za CT hilo si kasoro kubwa, maana daktari anataka kuona ndani. Kwa uso wa mpendwa wako ni balaa.

Nitaje kwa haraka vinavyoitwa hologramu na sivyo. Feni za taa zinazozungusha nembo mbele ya maduka ya simu ni picha bapa inayoelea. Ufito wenye taa unazunguka haraka na jicho linaunganisha. Rapa Tupac aliyepanda jukwaani kwenye tamasha la Coachella Aprili 2012, zaidi ya miaka kumi na mitano baada ya kufa, alikuwa video iliyoakisiwa kwenye utando uliolala kwa mshazari, hila ambayo John Henry Pepper aliionyesha London mwaka 1862 kwa kioo na taa. Ilipendeza. Kina haikuwa nacho.

Hologramu yenyewe, aliyoianzisha Dennis Gabor mwaka 1947 na iliyompatia Nobeli mwaka 1971, huhifadhi mawimbi ya mwanga yenyewe, hivyo jicho halina namna ya kutofautisha. Kila mtu anaona kutoka alipo, mboni na lenzi zinakubaliana, na kilicho mbele kinaziba kilicho nyuma. Ile iliyomo kwenye kadi za benki ni ndugu yake mdogo, aina iliyobuniwa na Stephen Benton mwishoni mwa miaka ya 1960 ili ionekane kwa mwanga wa kawaida. Lakini hiyo imegandishwa. Ili isogee, skrini inahitaji vinukta vidogo kama wimbi la mwanga lenyewe, karibu nusu ya elfu moja ya milimita, na lazima vijazwe upya kila mara. Chukua skrini ya mezani ya sentimita 50 kwa 30, vinukta vya elfu moja ya milimita tu: ni bilioni 150. Skrini ya 4K inayo milioni nane. Benton huyohuyo na wanafunzi wake pale MIT walisogeza hologramu ya kwanza ya video karibu na 1990, ndogo ya kutosha kiganjani, na tangu hapo tatizo la hesabu limelegea kuliko tatizo la vinukta.

Holografika wa Budapest wanapita njia ya kati: makumi ya projekta nyuma ya skrini maalumu, kila moja ikitupa miale kwa pembe yake, hadi ukumbi uone. Inafanya kazi. Inajaza chumba kizima kwa nyuma, na bei yake ni ya taasisi.

Mimi huwapima watengenezaji hawa wote kwa kibanda umiza cha mtaani kwetu siku ya mechi ya Simba na Yanga. Watu arobaini kwenye mabenchi, wengine wamesimama mlangoni, mmoja kapanda dirisha. Macho themanini, na hakuna linalotulia. Kioo cha Samsung kitamchagua mmoja, cha Looking Glass kitawapa walio katikati mpira wenye ukungu, na mashine ya Voxon itaonyesha kipa ambaye goli linaonekana kupitia tumbo lake. Kiingilio ni shilingi mia tano, na runinga iliyopo pale, bapa, yenye ufa pembeni, inawaonyesha wote arobaini mpira mmoja.